Mwaka wa Kifundo Kimoja

Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu Masanja, nyumba ikiwa bado imejaa watu na sufuria za watu, mjukuu wake Happiness alikuja kuketi nami mkekani akanipa kidude cha kuchezea, kile kinachoshikwa kwa mikono miwili. Alikuwa amekiunganisha na televisheni ya sebuleni na kuzima sauti kwa heshima ya msiba. Kwenye kioo wasichana wawili walikuwa wakipigiana mpira wa tenisi, hata jasho lao linaonekana. "Bibi, cheza kidogo utoe mawazo," akasema. "Hiki cha kupiga. Hiki cha kupiga kwa kukata. Hiki cha kuurusha juu. Hiki cha kukimbilia. Ukitaka kupiga kwa nguvu unashikilia hiki huku unabonyeza kile." Vidole vyangu havikutosha. Nikamuuliza, cha kusubiri mpira ni kipi? Akacheka, halafu akakumbuka yuko msibani, akaziba mdomo. "Hakuna, Bibi. Kusubiri unasubiri tu." Nikamrudishia kidude chake, nikasema macho yananiuma.

Nitaruka habari za wazazi wetu. Walikufa, mimi nikiwa wa kwanza, nikaiacha shule darasa la sita, yatosha. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafanya kazi kwa Mama Salma, mjane mwenye duka la vitambaa pale Shinyanga mjini. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani na mama yake Msumbwa. Alibembeleza wateja kwa lugha ya baba na kugomba kwa lugha ya mama. Alinipa chumba cha uani, nikakaa humo na mdogo wetu wa mwisho, Minza, aliyekuwa darasa la nne. Masanja, wa katikati, alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa machimboni, upande wa Geita. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi hiyo. Nilimwendea mwenye duara, maana wachimbaji shimo lao huliita duara, nikamsihi amchukue. Nilimwambia, huyu kijana hachoki. Mvua za kwanza zilipoanza, duara likatitia. Masanja walimtoa siku ya pili akiwa mzima. Mwenzake, Lusangija, walimtoa siku ya tatu akiwa maiti.

Waliniletea mtu asiyesema. Alishuka kwenye lori akiwa ameshikwa kwapani na watu wawili, akakaa pale walipomkalisha, chini ya dirisha la jikoni, na pale ndipo alipokaa kwa wiki nyingi. Hospitali walimgusa kila mfupa wakasema hakuna kilichovunjika. Mganga aliyeletwa na jirani alimwosha kwa majani, akasema kuna mtu amemshika mguu kutoka chini. Ugali nilimwekea mkononi tonge kwa tonge. Kijiko kilimshinda: alikishika, akakiinua, kisha mkono ukasahau ulikuwa unakwenda wapi, na mchuzi ukamwagikia mapajani. Minza alimwimbia nyimbo za shule. Mimi nilimpikia michembe, viazi vile vilivyokaushwa, nikaviponda na karanga kama alivyopenda utotoni. Alikula kama anayemeza dawa. Mwaka ule sikuwa na ombi lingine kwa Mungu wala kwa mizimu: nimrudishe Masanja, maana mimi ndiye niliyempeleka.

Sasa niseme habari za ile televisheni. Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Unguja walikuwa nayo, sisi tulikuwa na redio. Lakini Mama Salma alikuwa na kaka yake aliyeishi Maskati, Arabuni, na huyo kaka, asiyejua kwamba huku hakuna kinachorushwa hewani, alimtumia televisheni yenye miguu minne ya mbao. Waliiwasha ikaonyesha chenga, kama mtu anayepepeta chumvi gizani. Mwaka uliofuata kaka akaleta kisanduku cheusi chenye nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kikombe kidogo chenye kifundo cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti redioni. Ukikiunganisha, chenga zinaondoka. Kinabaki kioo cheusi, mstari katikati, kijiti cheupe kushoto, kijiti cheupe kulia, na nukta inayokwenda na kurudi. Ukizungusha kifundo, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Basi. Hakuna kingine. Nukta ikigonga kijiti, kisanduku kinasema *to*. Ikikupita, kinatoa mlio mrefu, na juu inaandikwa namba. Sikujua kama hiyo ni tenisi mpaka Mama Salma aliponiambia, na yeye aliambiwa na kaka yake. Majirani waliobahatika kuona walikwenda kusimulia kwamba televisheni ni nukta inayotembea, na kwa miaka mingi mimi pia niliamini hivyo. Siku televisheni ya kweli ilipofika kwetu, mtu anasoma habari, nilikaa robo saa nikisubiri nukta itokee nyuma ya kichwa chake.

Mama Salma alikuwa na baridi yabisi. Vidole vyake vilikuwa vimejipinda kama mizizi ya tangawizi, sindano hazikumtii tena, hata kupima kitambaa alimwachia msaidizi. Lakini kifundo kile alikiweza. Baada ya sala ya alasiri, umeme ukiwapo, alivuta kiti chumbani kwake, akafunua kanga iliyofunika televisheni, na kuniita. "Kabula! Acha vyombo, njoo ule kichapo chako." Nilikuwa mchezaji mbaya, moyo wangu ulikuwa uani. Siku moja alichoka kunifunga. "Weye unacheza kama unatwanga," akasema. "Hebu mlete huyo kaka yako."

"Mama, hawezi hata kijiko."

"Kijiko ni kazi. Mlete."

Tulimkalisha kwenye zulia, mgongo ukiegemea kitanda, na Mama Salma mwenyewe akamfungua vidole na kuvifumba tena juu ya kifundo. Nukta ilitoka. Ikampita. Ikatoka tena, ikampita. Mara ya tatu niliona kidole gumba kikisogea, kidogo sana, na kijiti cheupe kikasogea kiasi kilekile. *To.* Mama Salma akarudisha. *To.* Masanja akarudisha. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, sikuthubutu kuiweka chini isije ikalia.

Nimeishi miaka mingi nikijiuliza kwa nini kifundo kilimfaa mtu ambaye kijiko kilimshinda. Kijiko kina safari ndefu: ushuke, uchote, upande, usimwage, ufungue mdomo. Watoto wa siku hizi wana vitufe vya kila namna, na ninaona raha wanayoipata, siwalaumu. Lakini kila kitufe ni swali: unataka nini? Unataka kukata? Unataka kukimbia? Masanja hakuwa na kitu cha kutaka. Kifundo hakikumwuliza anataka nini. Kilimwomba jambo moja tu, awepo mahali mpira unapofika. Hakikujali nguvu za mchimbaji wala vidole vya mwanamke mgonjwa. Ukikizungusha kidogo, kinatii kidogo. Ukikizungusha sana, kinatii sana. Hakina hila. Sikuwa nimewahi kuona kitu kinachomtendea mtu haki namna ile, na sijaona tena.

Walicheza kila siku yenye umeme. Masanja alianza kuja mwenyewe, akisikia adhana ya alasiri ananyanyuka, anajipangusa miguu, anakaa mahali pake. Akaanza kushika kijiko. Minza ndiye aliyegundua jambo ambalo sisi watu wazima hatukuliona. Alikuwa amecheza naye, akatoka analalamika.

"Kaka Masanja hachezi vizuri. Anakuletea pale ulipo."

"Anakuletea vipi?"

"Hapigi wa kukushinda, dada. Ukiwa juu anakuletea juu. Ukiwa chini anakuletea chini."

Tukaangalia, ikawa kweli. Kijiti kikipokea mpira kwenye ncha, mpira ulikwenda mshazari, ukamshinda mtu. Kikiupokea katikati, ulikwenda taratibu na kunyooka. Masanja aliupokea katikati kila mara. Namba za juu zilibaki sifuri kwa sifuri hata chai ikapoa. "Huu mchezo gani usio na mshindi?" Mama Salma aliguna. "Nimezaliwa kwa wafanyabiashara mie, lazima mmoja apate." Lakini hakuacha. Alikuwa akicheza huku amefumba macho nusu, anasikiliza tu, *to* na *to*, na nikimpelekea chai ya tangawizi isiyo na sukari, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya foleni, alininyamazisha kwa nyusi.

Siku moja magharibi ilimkuta Mama Salma bado anacheza. Alitaka kutawadha, akaachia kifundo, nukta ikapita upande wake, mlio mrefu ukalia. Masanja akapiga kelele. "Jibu!" Ilikuwa sauti ya mtu mwingine, kavu, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. "Jibu! Jibu!" Mama Salma akashika kifundo haraka kama aliyeungua, nukta ikatoka tena, *to*, na Masanja akatulia. Mimi niliketi sakafuni nikalia kwa furaha. Miezi minne, na sasa neno.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika polepole. Kesho yake niliomba nicheze mimi. Nilikuwa nimewaza tangu asubuhi: akipitwa na mpira anasema, basi nimfanye aseme. Nikauacha ukapita. "Jibu!" akasema. Nikafurahi. Nikauacha tena. "Jibu, jibu!" Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, na mimi, dada yake, niliyemlea, nilitabasamu na kumwambia, "Sema tena, baba, sema na jina langu," nikauacha mpira wa tatu, na wa nne, na wa tano. Kila mara ule mlio mrefu. Mara ya sita hakusema kitu. Aliweka kifundo chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka. Alikwenda kukaa kwenye ghala, kati ya marobota ya vitambaa, akageukia ukuta, na kwa siku tisa hakula zaidi ya maji na uji. Mama Salma alinitazama jikoni, akasema neno moja tu. "Kabula." Sikuhitaji la pili.

Wakati huohuo ukaja msako wa walanguzi. Walioishi mwaka ule wanakumbuka: mgambo na maofisa wanaingia maduka, wanafungua magodoro, wanauliza hiki umekipata wapi, na watu wenye hofu wanatupa mali zao mitoni na vichakani, hata zile walizozipata kwa haki. Uvumi ulitembea mbele ya msako. Mwanamke mmoja alikuja dukani akajifanya anachagua kanga, akanong'ona: "Mama Salma, wanasema hata televisheni wataiuliza imeingiaje." Mama Salma akauza ile kanga, akafunga duka, akaja kuketi kwenye kibao changu cha jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tuifukie," akasema.

"Mama, hicho kisanduku ndicho kilichomfanya..."

"Najua. Wakinichukua mie, nyie watatu mtalala wapi?"

Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri, wanaume wako msikitini na mtaa kimya. Tulitoa jembe na sepetu, tukaenda nyuma ya choo, mahali palipokuwa na udongo laini. Nilichimba kidogo, nikasikia mtu nyuma yangu. Masanja alikuwa ametoka ghalani. Alininyang'anya sepetu bila kunitazama, akaanza. Sikuwahi kumwona akichimba. Alikata kingo zikanyooka kama za sanduku, akachonga vidato ukutani vya kushukia na kupandia, udongo akauweka mbali ili usirudi. Mama Salma alinishika kiwiko. Tulikuwa tukimtazama mtu ambaye shimo lilimmeza, naye yuko ndani ya shimo jingine, anazama, hata ukabaki mgongo na kichwa. Nilitaka kumwambia atoke. Kisha akaanza kusema, huku anachimba, kana kwamba hadithi ilikuwa ndani ya udongo na yeye anaitoa.

"Ukifukiwa, dada, hupigi kelele. Hewa itakwisha. Unagonga jiwe mara mbili. Mwenzako akisikia anajibu mara mbili. Walio juu wanafuata ule mlio." Sepetu ikaingia, ikatoka. "Lusangija alikuwa upande wa pili wa kifusi. Anagonga, najibu. Nagonga, anajibu. Sijui ilikuwa siku nzima au vipi. Halafu nikalala. Nililala, dada, kama mtu aliye kitandani kwake. Nilipoamka nikagonga, kimya. Nikagonga, kimya." Akasimama, akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Aligonga sikujibu. Akajua nimekufa, akaacha. Angejua nipo, asingeacha."

Niliuona mkono wangu kwenye kifundo, nikiuacha mpira upite, nikitabasamu. Mara tano. Mara sita. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini maneno hayakuwa na ukubwa unaotosha, nikamnyooshea mkono atoke. Akaukubali. Tuliishusha televisheni imezungushiwa turubai, na kisanduku juu yake, na nyaya zake, na vikombe vyake viwili. Mama Salma na mimi tulifukia. Masanja hakuweza kutupa udongo. Alisimama kando ametugeuzia mgongo. Tulipomaliza kusawazisha na kumwaga maganda ya muhogo juu, alisema, "Nataka kwenda kwa mama yake Lusangija."

Tulikwenda kwa lori la pamba, tukashuka mbele ya kijiji cha Segese, tukatembea hadi jua likawa la utosi. Mama Lusangija alikuwa akianika mtama uani. Nilimwona kwanza nywele. Zilikuwa zimefumka na kushikana, na majivu ndani yake, na mara nikaelewa. Ukoo wao ulikuwa na desturi: msiba haunyolewi mpaka aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho aje aseme maneno ya mwisho. Kutoka machimboni walileta maiti, hakuna aliyeleta maneno. Karibu miezi mitano alikuwa akimsubiri mdogo wangu na nywele hizo kichwani. Tulimwamkia kwa Kisukuma, tukimwita mayu, yaani mama, akaitikia, akatutolea vigoda, akaleta maji ya kunywa, na hakutuuliza sisi ni nani. Alimtazama Masanja mikono.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mayu."

Masanja alisimulia yote, jinsi kifusi kilivyoshuka, jinsi walivyogonga na kujibiana. Mama yule alisikiliza huku akichambua punje za mtama, moja hapa, moja kule. Masanja alipomaliza, mama akauliza, "Ile aliyogonga mwisho. Uliisikia?"

Nilisubiri aseme alikuwa amelala.

"Niliisikia, mayu."

"Ukajibu?"

"Sikujibu. Mkono ulikataa."

Kuku wakaja kula mtama na hakuna aliyewafukuza. Niliogopa atamlaani. Lakini aliuliza tena, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha bei. "Lakini uliisikia."

"Niliisikia."

"Basi kulikuwa na mtu anasikia," akasema.

Masanja alirudi nami mjini akiwa mtu anayesema. Hakurudi machimboni, alishona magunia, akaoa, akazaa, akaona wajukuu, na katika miaka yote hiyo tulizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa hilo. Kwangu, shimoni, alisema alilala. Kwa mama yule alisema alisikia. Kama alimdanganya, basi alijitwika kosa zito kuliko lake ili mwanamke yule asiwaze kwamba mwanawe aligonga peke yake. Kama alimwambia kweli, basi mimi ndiye niliyefichwa, na nilistahili kufichwa. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kumwuliza. Mara nyingi tulikaa wawili, chai imemiminwa, swali likanifika mdomoni, nikaliacha likapita.

Mama Lusangija aliingia ndani akatoka na wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake, na beseni la maji. Hakumpa ndugu wala jirani. Alinipa mimi, kwa sababu nilikuwa dada wa aliyesikia, akaketi chini mbele yangu na kuinamisha kichwa. Nililowesha nywele, majivu yakageuka matope, yakatiririka shingoni mwake. Nilianza na paji la uso. Wembe ulipofika kisogoni alinishika mkono kwa nguvu, akalia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu tufike, na Masanja akashuka kwenye kigoda akapiga magoti kando yake. Kisha akaniachia mkono, nami nikanyoa palipobaki.